Kupima kipande cha juu cha .22 LR kwenye AR-15: mwongozo kamili

Bunduki ya AR-15 hugawanyika vipande viwili kwa kusukuma pini mbili. Kipande cha chini kina kifyatulio, kitako na mahali pa magazini. Cha juu kina mtutu na boliti, chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi na kutoa ganda. Kwa sababu hiyo, wapiga shabaha wengi wa Marekani wenye AR-15 ya .223, risasi yake ya kawaida, hununua kipande cha pili cha juu kinachotumia .22 LR, risasi ndogo iliyopo tangu 1887, yenye bei ya chini sana na teke lisiloumiza bega. Matatizo huanza siku ya kwanza uwanjani. Mtu anajaza magazini ya risasi 25 hadi juu, risasi ya sita inakwama, ya kumi haiwaki, na kabla saa moja haijaisha ameshatoa simu kuagiza springi nyingine.

Mara nyingi kipande kipya hakina kosa lolote. Kosa liko kwenye aina ya risasi, au kwenye magazini, au kwenye springi ya nyundo iliyobadilishwa zamani katika kipande cha chini na ikasahaulika. Kupima ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika kilichotokea. Ukibadilisha risasi, magazini na springi siku moja, hata bunduki ikianza kufanya kazi hutajua nini kiliitengeneza.

Sheria kwanza, kwa kifupi

Haya yote yanahusu Marekani, katika majimbo yanayoruhusu bunduki ya namna hii. Kwa sheria ya shirikisho, kipande cha chini chenye namba ndicho kinachohesabiwa kuwa bunduki, kwa hiyo cha juu huuzwa kama kipuri. Majimbo kadhaa, California na New York yakiwemo, yana masharti makali zaidi, hivyo angalia sheria ya jimbo lako kabla ya kununua.

Waswahili walioko Marekani wana jambo la ziada la kuangalia. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mgeni, kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, hata ya kukodi uwanjani. Kuna misamaha michache, kama ule wa mwenye leseni halali ya uwindaji. Usikisie, muulize mwanasheria. Na kipande hiki hakipakiwi kwenye sanduku la kwenda Nairobi au Dar es Salaam: kutoa mtutu nje ya Marekani kunahitaji kibali, na kuingiza sehemu za bunduki Kenya au Tanzania bila kibali ni kosa la jinai.

Jua ulichonunua

Kuna bidhaa za aina mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni seti ya kugeuzia: boliti ya .22 yenye kipande cha mbele chenye umbo la ganda la .223. Unatoa boliti yako ya kawaida, unaingiza seti hii, na unapiga kupitia mtutu uleule wa .223. Jeshi la Marekani lilikuwa na seti ya namna hii kwa ajili ya M16, iliyoitwa M261. Ni rahisi na nafuu, lakini mtutu haukutengenezwa kwa risasi hiyo. Michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu wa .223 huzunguka mara moja kila inchi 7, 8 au 9, wakati .22 LR inataka mzunguko mmoja kila inchi 16. Tena risasi huruka nafasi kidogo kabla ya kukutana na michirizi.

Ya pili ni kipande kamili cha juu: kina mtutu wake wa .22 LR, chemba yake (mahali risasi inapokaa ikisubiri kupigwa), na kwa kawaida mzunguko wa inchi 16. Hakina mrija wa gesi. Hiki ndicho kinachopimwa hapa, ingawa karibu kila hatua inafaa kwa seti ya kugeuzia pia. Smith & Wesson M&P15-22 ni habari nyingine: ni bunduki nzima ya .22 iliyotengenezwa ifanane na AR-15, na kipande chake cha juu hakikai kwenye AR-15 ya kawaida.

Inavyofanya kazi ndani

Sehemu hii usiiruke, kwani karibu kila hitilafu inaanzia hapa.

AR-15 ya .223 hufunga boliti kwa meno, kisha gesi ya baruti huifungua. Ya .22 haifungi chochote. Boliti inakaa mbele kwa uzito wake na kwa nguvu ya springi tu. Risasi ikiwaka, ganda lenyewe linaisukuma boliti nyuma. Hilo linawezekana kwa sababu nguvu iliyomo ni ndogo: kikomo cha shinikizo kwa .22 LR ni psi 24,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba), wakati cha .223 ni psi 55,000. Nguvu ikiwa ndogo hivyo, kila kitu kina uzito. Risasi dhaifu, mafuta yaliyoganda kwa baridi au chemba yenye nta vinatosha kuifanya boliti isifike mwisho wa safari yake.

Jambo la pili ni uwashaji. Kwenye .223 kuna kidonge cha kuwashia katikati ya kitako cha ganda. Kwenye .22 LR, kemikali ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako. Pini inaupiga ukingo na kuubana dhidi ya mdomo wa chemba. Kemikali ikikosekana pale pini ilipopiga, risasi haiwaki, na bunduki haina hatia yoyote. Risasi za bei ya chini zina tatizo hili zaidi.

La tatu ni springi. Springi inayorudisha boliti ya .22 iko ndani ya seti ya boliti yenyewe, na boliti haiingii kwenye bomba la kitako. Kazi ya bafa, kile kizito cha ndani ya bomba la kitako, ni kuikandamiza seti hiyo isicheze, basi. Ushauri wa kubadilisha bafa ili kuponya ukwamaji wa .22 unarudiwa kila mahali, na kila mahali ni kupoteza pesa.

Vitu vya kuwa navyo

Miwani ya kujikinga na vifuniko vya masikio, hata kama .22 inaonekana kelele yake ni ndogo. Kwa bunduki hii miwani ina sababu yake: boliti haifungwi, na ganda likipasuka, gesi na vipande vya shaba hutokea upande wa dirisha la kutemea maganda.

Risasi za aina tatu:

- A: kichwa cha greni 40 (greni ni kipimo cha uzito) kilichopakwa shaba, mwendo wa juu, karibu futi 1,235 kwa sekunde. CCI Mini-Mag ndiyo inayotumiwa na wengi kama kipimo. Nunua 300.
- B: greni 36 zenye tundu mbele, zile za boksi kubwa la bei nafuu, karibu futi 1,260 hadi 1,280. Nunua 150.
- C: greni 40 za mwendo wa kawaida, karibu futi 1,070, yaani chini ya mwendo wa sauti. Nunua 150.

Achana na risasi za mwendo uliopitiliza kama CCI Stinger, angalau mpaka usome kitabu cha mtengenezaji. Ganda la Stinger ni refu kuliko la kawaida na halifai kwenye chemba zilizobanwa kwa ajili ya usahihi.

Zaidi ya hapo: magazini mbili za .22 (ziandike 1 na 2 kwa wino mzito), fimbo ya kusafishia mtutu, brashi ya chemba, mafuta mepesi, tochi ndogo, pamba za masikio, mto wa mchanga au stendi ya kuegemezea bunduki, shabaha za karatasi, rula, kopo la kuwekea maganda, daftari na kalamu. Daftari usilisahau.

Mezani, bila risasi

Risasi zote ziwe chumba kingine, za .223 na za .22. Kisha:

1. Chomoa magazini, vuta mkono wa kukoki, tazama ndani ya chemba na pia pitisha kidole. Fungua pini mbili, toa kipande cha juu cha .223.

2. Pitisha fimbo kwenye mtutu mpya kutoka nyuma. Mafuta ya kiwandani, kipande cha plastiki au vumbi la chuma vinaweza kuwemo. Ukimulika tochi uone duara safi mwisho mpaka mwisho.

3. Kagua mdomo wa chemba pale pini inapopiga. Zungusha pamba ya masikio taratibu kwenye ukingo huo. Nyuzi zikinasa, kuna kinundu, na mara nyingi kimesababishwa na mtu kufyatua bunduki tupu: pini isipokutana na ukingo wa ganda huupiga mdomo wa chemba wenyewe, na kinundu chake huzuia risasi zisiingie vizuri. Kipande kipya kikiwa nacho, kirudishe dukani.

4. Funga kipande kwenye cha chini. Pini ziingie kwa nguvu ya kidole gumba. Kulegea kidogo ni kawaida. Kama lazima upige nyundo, kuna kitu hakijakaa. Angalia kama sehemu ya nyuma ya seti ya boliti imegusana na bafa bila kuacha nafasi.

5. Koki mara kumi taratibu, ukiisikiliza boliti. Irudi yenyewe hadi mbele kabisa kila mara, bila kukwaruza.

6. Jaribu kifyatulio. Hapa usifyatue tupu. Plagi ndogo ya ukutani ya plastiki, ile ya njano, huingia kwenye chemba ya .22 na kupokea pigo la pini; zinauzwa kwa pakiti kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Usalama ukiwa umefungwa, vuta kifyatulio: nyundo isishuke. Fungua usalama, vuta na ukishikilie kifyatulio, kisha koki ukiwa bado umekishikilia. Achia taratibu, usikie mlio mdogo wa kurudi mahali pake. Vuta tena: nyundo ishuke. Kama nyundo ilianguka pale ulipokoki au ulipoachia, simama hapo. Kipande cha chini kina hitilafu na kazi hiyo ni ya fundi bunduki.

7. Tazama umbo la nyundo. Nyundo ya AR-15 ya siku hizi ina mgongo wa mviringo. Baadhi ya nyundo za zamani zina pengo juu linaloweza kunasa boliti ya .22. Uliza pia kama springi ya nyundo ni ya nguvu kamili. Springi laini zinazowekwa ili kifyatulio kiwe chepesi ndizo chanzo kikuu cha risasi za .22 kutowaka, kwa kuwa kuponda ukingo wa ganda kunahitaji pigo zito.

Malizia kwa tone moja la mafuta kila upande kwenye reli za boliti. Chemba ibaki kavu. Mafuta mengi hukusanya masizi na nta, na yakichanganyika hayo huwa uji mweusi unaokwamisha boliti.

Uwanjani: risasi 50 za mwanzo

Tumia aina A tu. Lengo hapa ni usalama. Karatasi ya shabaha iwepo ili uone kwamba kila risasi imefika.

Anza na risasi moja moja, mara tano. Weka risasi moja kwenye magazini, koki, piga. Chukua ganda kila mara na ulitazame kabla ya kuendelea. Kisha weka risasi mbili, mara tano. Hatua hii watu huiona ya kitoto, ila ina kazi moja isiyo na mbadala: kuhakikisha mvuto mmoja wa kifyatulio unatoa risasi moja. Zikitoka mbili, na magazini ilikuwa na mbili tu, madhara yanaishia hapo. Funga kazi, peleka kipande cha chini kwa fundi, na usiendelee hata kwa udadisi, kwani bunduki inayotoa zaidi ya risasi moja kwa mvuto mmoja inaweza kuhesabiwa kisheria kuwa bunduki ya rashasha.

Halafu tano tano mara tatu, na kumi kumi mara mbili. Hizo ni 50. Piga 50 nyingine kwa kujaza kumi kumi ili sehemu zizoeane. Hitilafu katika risasi hizi 100 ziandike, lakini usizitolee hukumu bado.

Boliti nayo ina tabia yake. Kwenye AR-15 ya .223, risasi zikiisha boliti hubaki nyuma. Kwenye nyingi za .22, ama haibaki kabisa, ama inashikiliwa na sahani ya ndani ya magazini na kujifunga mara tu unapochomoa magazini. Kwa hiyo boliti iliyofungwa haikuambii kitu. Kila unapomaliza, chomoa magazini, koki mara mbili, tazama chemba.

Kitufe cha kusukumia boliti mbele, kile cha upande wa kulia, hakifanyi kazi kwenye kipande cha .22. Boliti isipofunga kabisa, usiipige wala usiilazimishe. Toa risasi hiyo, itupe, angalia chemba.

Risasi ikitoa mlio mdogo kama wa kizibo cha chupa, au teke likikosekana, acha mara moja. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu. Toa magazini, fungua boliti, pitisha fimbo. Risasi isipowaka kabisa, elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri sekunde 30 kamili kabla ya kuitoa. Mara chache baruti huchelewa.

Kusoma ganda

Mimina maganda kumi juu ya kitambaa cheupe. Yatakueleza mengi kuliko bunduki yenyewe.

Alama ya pini iwe mstari mfupi wenye kina, uliovuka ukingo, na ufanane kwa maganda yote kumi. Alama zisizo na kina, au zenye kina tofauti, zinaelekeza kwenye nyundo na springi yake. Masizi kidogo mdomoni ni kawaida. Masizi yaliyoshuka hadi nusu ya ganda yanaonyesha shinikizo dogo, yaani ganda halikutanuka vya kutosha kuziba chemba, jambo la kawaida kwa aina C. Uvimbe upande mmoja karibu na ukingo ni hatari: risasi iliwaka kabla boliti haijafunga. Ganda moja tu la namna hiyo linatosha kusimamisha zoezi. Safisha chemba na uso wa boliti, jaribu tena moja moja, na likijirudia mrudishie mtengenezaji. Ukingo wa .22 LR una unene usiozidi inchi 0.043, fundi ana geji za kupima kama nafasi kati ya boliti na chemba imezidi.

Risasi 300 za hukumu

Sasa safisha chemba na boliti, mtutu uuache. Kwa kila aina ya risasi piga 100: hamsini kwa magazini 1, hamsini kwa magazini 2, ukijaza 25 kila mara. Baada ya kila 100, brashi ya chemba mara tatu na kufuta uso wa boliti, ili aina inayofuata isirithi uchafu wa iliyotangulia. Kila hitilafu iandikwe kwa mambo manne: aina ya risasi, magazini, ilikuwa ya ngapi, na ilikwama vipi.

Ukimaliza, usihesabu jumla tu. Tazama hitilafu zimejikusanya wapi.

Zikiwa nyingi kwenye magazini 2 kwa risasi za aina zote, mhalifu ni magazini 2. Angalia midomo yake na jinsi risasi zilivyopangwa: kila ukingo ukae mbele ya ule wa risasi iliyo chini yake, kwani ukingo ukinasa nyuma ya mwenzake risasi haitoki. Zikiwa kwenye aina C tu, kwa magazini zote mbili, basi kipande chako hakipendi risasi dhaifu, na hilo si ugonjwa. Zikianza baada ya risasi 60 au 70 na kuongezeka, ni uchafu. Zikitapakaa kila mahali tangu mwanzo, omba kipande cha chini cha mwenzako kinachofanya kazi vizuri, ukifunge, upige 50. Ukwamaji ukipotea, tatizo lilibaki kwenye kipande chako cha chini. Ukiendelea, ni kipande kipya.

Kwa maoni yetu hitilafu moja katika 100 kwa risasi A inavumilika, kwani .22 haijawahi kuwa na uaminifu wa .223. Tatu au zaidi kwa A, kipande hakijapita. Na ukipata sifuri katika 100 usijigambe sana: kihesabu, kiwango halisi bado kinaweza kufika asilimia 3.

Hitilafu zinazoonekana sana

Ganda limesimama dirishani, limebanwa na boliti: boliti haikurudi nyuma vya kutosha. Jaribu risasi A, punguza mafuta mazito, safisha. Kwenye baridi kali ya majimbo ya kaskazini mafuta mazito peke yake huleta hali hii.

Ganda limebaki ndani ya chemba: chemba ina nta na madini ya risasi yaliyoyeyuka, au ukucha wa kuvuta ganda umejaa uchafu. Safisha chini ya ukucha kwa kijiti cha meno; mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Risasi imegonga juu au chini ya mlango wa chemba na kichwa chake kimebonyea: magazini haikai kwa kimo sahihi, au midomo yake imepanuka. Piga magazini juu kwa kiganja, itikise kidogo uone inavyocheza. Risasi iliyobonyea usiirudie.

Bonyeza, mlio wa nyundo, kimya: subiri sekunde 30, itoe, linganisha alama na maganda yaliyowaka. Alama ina kina kizuri? Izungushe nusu mduara, iweke tena, ipige. Ikiwaka, kemikali ilikosekana upande ule. Lawama ni ya risasi. Alama hafifu? Rudi kwenye springi ya nyundo. Weka springi ya kiwandani ya AR-15 kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kuseti saiti (kilengeo) na kupima usahihi

Viwanja vya Marekani hupima kwa yadi. Yadi 50 ni kama mita 46, na umbali huo ndio unaoifaa.22. Anza yadi 25 ili uhakikishe unapiga karatasi, halafu sogea.

Egemeza bunduki kwenye mto wa mchanga, si kwenye magazini. Piga tano, pima kutoka katikati ya kundi la matundu hadi pale ulipolenga. Dakika moja ya pembe, kipimo kinachotumiwa kusogeza saiti, ni karibu inchi 0.52 kwa yadi 50. Mfano: kundi liko inchi 2 chini na inchi 1 kushoto, saiti yako inasogea nusu dakika kwa kila mbofyo. Inchi 2 ni kama dakika 4, mibofyo 8 juu. Inchi 1 ni dakika 2, mibofyo 4 kulia. Piga tano nyingine kuthibitisha. Usirekebishe kwa kufuata tundu moja.

Saiti ya AR-15 hukaa juu sana, kama inchi 2.6 juu ya katikati ya mtutu. Kwa hiyo ukishaiseti kwa yadi 50 na risasi A, kwa yadi 25 utagonga kama nusu inchi chini, kwa yadi 7 karibu inchi 2 chini, na kwa yadi 100 inchi 4 hadi 5 chini.

Kupima usahihi, kila aina ya risasi ipewe mtutu ulioizoea. Kila aina ina nta yake, na risasi za kwanza baada ya kubadilisha hutapakaa. Piga 10 za kuzoesha, kisha makundi matano ya risasi tano. Pima kila kundi kutoka katikati ya tundu la mbali hadi katikati ya jingine, tafuta wastani wa matano. Kundi moja zuri lililochaguliwa ili kupigwa picha halipimi chochote. Kipande kamili chenye mzunguko wa inchi 16 kwa kawaida hukaa karibu na inchi moja hadi moja na nusu kwa yadi 50. Seti ya kugeuzia ndani ya mtutu wa.223 huwa inchi 2 hadi 3, na hiyo ndiyo hali yake.

Usishangae aina C, iliyokuwa mbaya kwenye jaribio la ukwamaji, ikashinda hapa. Haivuki mwendo wa sauti, na kwa yadi 100 upepo wa pembeni huisogeza kidogo kuliko zile za mwendo wa juu. Wengi huishia na A ya mazoezi ya haraka na C ya shabaha, ikipigwa taratibu. Ziandikie mibofyo yake tofauti.

Nyuma ya shabaha pawe na kizuizi cha kweli. Kichwa cha .22 LR kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na ni chepesi kuruka kikigonga jiwe au maji.

Kusafisha na kurudi kwenye .223

Kila risasi 300 hadi 500, brashi ya chemba, uso wa boliti, ukucha, na reli. Mtutu wa .22 hauhitaji kusuguliwa kila mara. Sugua pale makundi yanapoanza kupanuka. Kifuniko cha kuzuia sauti, kama unacho kihalali, kipigie risasi chache tu kisha ukifungue kukisafisha, maana madini ya risasi hujikusanya ndani yake haraka. Nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, na nguo za uwanjani zifuliwe peke yake.

Mwenye kipande kamili anafungua pini mbili na kubadilisha kipande cha juu, anahakikisha magazini na risasi za .22 zimeondoka mezani, na saiti yake ya .223 iko vilevile alivyoiacha. Mwenye seti ya kugeuzia ana kazi zaidi. Kichwa cha .22 kikiwa kimebaki ndani ya mtutu bila kujulikana, risasi ya kwanza ya .223 itakayokifuata inaweza kuupasua mtutu huo. Kwa hiyo kabla ya kurudisha boliti ya .223, fimbo ipite mtutu wote kutoka chemba hadi mdomoni, kila mara, hata kama jana ilipita. Sugua pia madini ya risasi yaliyoganda kwenye michirizi na karibu na tundu la gesi, kausha chemba kwa kitambaa, kisha piga tano za .223 kwenye karatasi kuthibitisha saiti kabla ya kuitegemea.